Mkwezi Aliyepakwa Mafuta

Katika kitabu cha fizikia nilichofundishia miaka mingi pale Lindi kuna picha ya sanduku. Sanduku liko sakafuni, mtu asiye na uso analisukuma, mshale mmoja unaelekea huku na mwingine unaelekea kule, na chini pameandikwa kwamba msuguano ni kani inayopinga mwendo. Basi. Hatuambiwi ndani ya sanduku mna nini, wala mtu huyo anakwenda nalo wapi, wala kwa nini hakuomba msaada. Nilikuwa nikiitazama picha ile nachemka. Wanafunzi wananakili mishale, wanafaulu mtihani, halafu wanatoka darasani na kuteleza kwenye matope ya mlangoni kama watu ambao hawakuambiwa lolote.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikifunga kitabu hicho nikaanza kuwasimulia habari za babu yangu, Nassibu Likwata, mkwezi wa Rasbura, mtaa wa pwani pale pale Lindi. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Habari zenyewe nilizipata kwa bibi yangu Sada, aliyekuwa ndiye bibi harusi katika mkasa huu, na ambaye mpaka uzeeni alikuwa akizisimulia huku anacheka mbavu hana.

Nassibu alikuwa mwembamba, mrefu wa mikono, na mwenye maneno mengi kuliko kazi yake ilivyohitaji. Enzi za Mjerumani aliishi kwa kuangua nazi za watu. Hakuwa na shamba, hakuwa na ngalawa. Alikuwa na nyayo. Nyayo zake zilikuwa ngumu kama ukoko wa wali, na alizitunza kuliko watu wengine wanavyotunza macho. Alivaa kitanzi cha kamba ya usumba wa nazi miguuni, akaukumbatia mnazi kwa nyayo na viganja, akapanda. Kabla ya kupanda aligonga gome kwa kidole akasema, "Hodi, mama." Alikuwa na yakini kwamba minazi humjua mtu kwa harufu yake, na mkwezi mwenzake akianguka, Nassibu alieleza mtaa mzima kwamba yule bwana hakupiga hodi.

Hapo babu alikuwa amekosea kabisa, na sioni haya kulisema. Dunia inamvuta mkwezi chini kwa uzito wake wote, haipumziki hata kidogo. Kinachomzuia asishuke ni nyayo zinazoukandamiza mnazi, na mnazi nao unazikandamiza nyayo, na katika kukandamizana huko ngozi na gome vinang'ang'aniana. Ukikaza zaidi, vinang'ang'aniana zaidi. Ukilegeza, unashuka. Ukitia kitu cha utelezi katikati, hata ukaze mpaka meno yaume, unashuka tu, uwe umepiga hodi au hukupiga. Nassibu hakupata kusoma maneno haya popote, na kama angeyasoma angesema yameibwa kwake.

Mnazi aliokuwa akiupenda zaidi ulikuwa wakfu wa msikiti, nao ulisimama nje kidogo ya ua wa Mzee Fakihi, mchuuzi wa chumvi. Mzee Fakihi alikuwa na binti mmoja, Sada. Ukiwa juu ya mnazi ule unaona ua wote, na aliyemo uani akiinua uso anakuona. Katika mwaka mmoja mnazi ule uliangulwa nazi, ukaangulwa madafu, ukabaki na vidaka vichanga, na bado Nassibu alikuwa akiupanda kwenda kuutazama afya. Mwishowe Sada alimwambia kutoka chini, "Kaka, au ulete posa au ushuke, maana shingo inaniuma." Posa ikaja.

Lakini harusi haikuja. Siku hizo akida wa Mjerumani alikuwa na kawaida ya kutuma askari mitaani kukamata wanaume wa kwenda kulima pamba kwenye shamba la Mzungu mmoja karibu na Mingoyo. Unafungwa kamba, unakwenda, unarudi wanapotaka wao. Mara ya kwanza walimkamata Nassibu akinyolewa kwa ajili ya harusi yake, wakamchukua na kichwa nusu kina nywele nusu hakina, na kinyozi akabaki na wembe mkononi. Aliporudi na siku nyingine kupangwa, dada yake Mzee Fakihi akafariki, na matanga yakaisukuma harusi mbele.

Kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyemtaka Sada. Huyo ni Huseni, mnyapara wa shamba lile lile, aliyepewa na bwana wake viatu vya ngozi vyenye misumari chini, vikubwa kuliko miguu yake, hata alikuwa akisikika kabla hajaonekana. Posa yake Sada aliikataa. Huseni hakukata tamaa. Alimwendea Mzee Fakihi kwa upole akamwambia kwamba mkwe wa mnyapara hafungwi kamba, haendi Mingoyo, hajui hata pamba inafananaje. Mzee Fakihi alikuwa na tumbo kubwa, magoti mabovu na hofu nyingi. Akaona maneno yale yana utamu wake.

Basi harusi ikapangwa mara ya tatu, iwe Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mzee Fakihi alisema mbele ya watu, "Nimekwisha pika mara mbili wakala majirani. Safari hii jua likizama na binti yangu hajaolewa na Nassibu, nampa Huseni. Na mtu aliyefungwa kamba simwozeshi, hata aje analia. Wallahi." Akisha kuapa Mzee Fakihi harudi nyuma, maana hata kurudi nyuma ni mwendo na yeye magoti yanamuuma. Sada alisikia kiapo hicho akiwa ndani, mikono yake imefungwa hina, akashindwa hata kujifuta machozi.

Asubuhi ya Ijumaa, Nassibu alikuwa nyumba ya pili kutoka kwa Mzee Fakihi, kwa nyanya yake, Bi Mwahija, akisingwa. Kwetu bwana harusi lazima asingwe: anasuguliwa liwa, ule unga wa mti wenye harufu, anakandwa, anapakwa mafuta mpaka ang'ae. Bi Mwahija aliianza kazi mapema. Alimloweka mjukuu wake miguu katika maji ya moto, akachukua jiwe la kusugulia, akasugua nyayo zile mpaka ukoko wote ukatoka na chini yake ikaonekana ngozi laini ya mtoto.

"Bibi, nyayo usiguse," Nassibu alipiga kelele, lakini amechelewa. "Nyayo ndiyo jembe langu!"

"Nyamaza, mume wangu." Mabibi wa kwetu huwaita wajukuu zao waume, na huo ni utani usio na mwisho. "Jembe gani la kwenda kumkwaruza mke mwenzangu? Mguu kama kenge!"

"Nitapandaje miti baada ya hapa?"

"Baada ya hapa uko ndani na mkeo, fungate nzima. Nazi zitakungoja, zina haraka gani?"

Ilikuwa kipupwe, na mafuta ya nazi yalikuwa yameganda chupani. Bi Mwahija aliiweka chupa karibu na jiko lililokuwa likipika wali wa harusi, yakayeyuka, akampaka mjukuu wake kichwa, mgongo, mikono na miguu, kisha akaona chupani mmebaki kidogo na si vizuri kubakiza, akamalizia kwenye viganja na nyayo. Nassibu aling'aa. Alijitazama mikono akasema hata yeye angejioa.

Kufikia hapo ilikuwa alasiri, na ndipo viatu vya Huseni viliposikika njiani.

Hakuja peke yake. Alikuja na askari wa akida, na mkubwa wao alikuwa Ombasha Salumu, Mmanyema mwenye sharubu na kitambi kidogo, amebeba bunduki na kamba ndefu. Wanaume wa Rasbura wakatoweka kama kuku waliomwona mwewe. Wengine waliruka nyua, wengine waliingia mikokoni, na Mzee Fakihi aliingia ghalani kwake akalala nyuma ya magunia ya chumvi. Waliobaki nje walikuwa wanawake, pamoja na Mwalimu Yahya, imamu wa msikiti, na Rashidi mwadhini, wazee wawili ambao hata Mjerumani alikuwa haoni faida ya kuwakamata.

"Yule pale," akasema Huseni. "Yule anayemeremeta."

Askari wa kwanza alimdaka Nassibu mkono. Mkono ukapita katika vidole vyake ukatoka upande wa pili. Wa pili alimkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyobana ndivyo Nassibu alivyochomoka kuelekea juu, kama kokwa ya embe unapoibinya. Wa tatu alimshika mguu, akabaki ameshika liwa. Ombasha Salumu alimtupia kitanzi cha kamba. Kitanzi kikaingia vizuri kabisa shingoni, kikashuka mabegani, kikashuka mapajani, kikaanguka chini. Huseni alifaulu kushika shuka, akabaki na shuka, na Nassibu akatoka mbio na winda lake tu kiunoni akiwaambia waendelee kujaribu.

Mtu anayekimbizwa hukimbilia anakokujua, na babu alikimbilia mnazini. Alifika, akagonga gome, akasema, "Hodi, mama," akaukumbatia, akapanda kadiri ya urefu wa mtoto, akashuka. Akapiga hodi tena, kwa adabu zaidi. Akapanda, akashuka. Mnazi ulikuwa ule ule, uzito wake ule ule, na nguvu zake siku hiyo zilikuwa nyingi kuliko siku zote kwa sababu ya woga. Kilichobadilika ni mafuta tu, utando mwembamba usioonekana. Yale mafuta yaliyomtoa mikononi mwa askari ndiyo yaliyomtoa mnazini, maana mafuta hayachagui. Nikifika hapa darasani wanafunzi huwa wameshika vichwa, na mimi huwa nawauliza sanduku lao la kitabuni limewahi kuwapa tabu kama hiyo.

Askari walikuwa wakija taratibu sasa, wanacheka. Ndipo Bi Mwahija alipotokea mbio na ungo uliojaa majivu ya vifuu kutoka jikoni. Ombasha Salumu, mtu wa adabu, alimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bi Mwahija, maana shikamoo haiachwi bila jibu, kisha akaurusha ungo wote. Majivu mengine yaliingia machoni mwa Huseni, na hayo hakuyajutia mpaka anakufa. Mengine yalimpata Nassibu miguuni na mikononi, yakaganda kwenye mafuta, na ngozi ikapata mkwaruzo wa kushikia. Akauvamia mnazi bila hodi. Safari hii ulimshika, akapanda mpaka mikono ya askari haikuweza kumfikia.

Hakufika juu kwenye makuti, hata hivyo. Katikati ya mnazi majivu na mafuta vilianza kuwa uji. Ili apande zaidi ilibidi alegeze miguu kidogo aisogeze, na akilegeza kidogo anakwenda chini kwa haraka. Basi akakaza tu, mikono na miguu na kidevu, akatulia pale kama chaza.

Ombasha Salumu alikaa kwenye gogo akafungua vifungo vya koti. "Shuka, bwana harusi."

"Nikishuka utanikamata."

"Ndiyo."

"Basi sishuki."

Ombasha alizitazama nyayo zake. "Unashuka," akasema.

Ilikuwa kweli. Nassibu alikuwa akishuka, polepole sana, kama asali inavyoshuka kwenye mwiko. Hakuna aliyeona anasogea, lakini ukigeuka kupiga chafya na kutazama tena, yuko chini zaidi ya ulipomwacha.

Huseni alifuta macho akataka apigwe risasi. Ombasha akamwambia kwamba maiti hailimi, na kwamba risasi bomani inaulizwa imekwenda wapi kuliko hata mtu. Huseni akataka mnazi ukatwe. Mwalimu Yahya akasema mnazi huo ni wakfu, mali ya Mwenyezi Mungu, na anayetaka kuukata aseme jina lake kwanza ili ajulikane siku ya kiyama. Hakuna aliyesema jina. Huseni akajaribu kupanda mwenyewe na viatu vyake vya misumari, akapata hatua moja, na ile misumari laini ya kutembelea barabarani ikampeleka chini kwa makalio. Wanawake wakapiga vigelegele, maana walikuwa wameviandaa kwa siku hiyo na hawakuona sababu ya kuvitunza.

Vigelegele hivyo vilimtoa Mzee Fakihi ghalani, akidhani ndoa imekwisha fungwa bila yeye. Alisimama mlangoni ana chumvi nyusini, akaona askari, akaona mkwe wake mtarajiwa katikati ya mnazi na winda, akaona jua limeanza kulala upande wa bara.

"Nimekwisha apa," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Mguu wake ukigusa ardhi atafungwa kamba, na aliyefungwa kamba simwozeshi. Na jua likizama ni Huseni. Nifanyeje mimi?"

Huseni akatabasamu, akaanza kujifuta majivu kwenye kanzu aliyokuwa ameivaa kwa ajili hiyo.

Ndipo sauti ya Sada ilipotoka nyuma ya ua wa makuti. Mwari siku ya ndoa hasemi mbele za watu, na kungwi aliyemfunda, Mastura, alikuwa akimvuta nguo anyamaze, lakini alisema, na kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Baba, kwani ndoa inafungwa kwa miguu? Mwalimu yupo, wewe upo, yeye yupo. Anataka nini zaidi ya ulimi? Muulizeni huko huko aliko!"

Watu wote wakamgeukia Mwalimu Yahya. Alizishika ndevu. Alisema vitabuni hakuona panapotaka bwana harusi awe chini, wala hakuona panapokataza awe juu. Ilimradi asikike akikubali, na wawepo mashahidi wawili Waislamu. "Rashidi ni mmoja," akasema. "Wa pili nani?"

Wanaume wa Rasbura walikuwa mikokoni wakiumwa na mbu. Huseni alitazama pembeni. Mwalimu Yahya akamgeukia Ombasha Salumu. "Bwana Askari, wewe ni Mwislamu?"

"Alhamdulillahi."

"Una masikio?"

Bibi Sada alisema alimwona Ombasha kupitia tundu la makuti, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alisimama, akafunga vifungo vyote vya koti, akaegemeza bunduki ukutani. "Tangu nivae nguo hizi," akasema, "sijaitwa kwenye harusi hata moja. Nikifika, watu wanakimbia. Soma, Mwalimu."

Mwalimu Yahya akasoma. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, masikini: alipenda hotuba ndefu. Alianza na kuumbwa kwa Adamu. Nassibu akashuka kidogo. Akaingia kwenye haki za mke, Nassibu akashuka tena. Alipofika kwenye haki za jirani, nyayo laini za babu zilikuwa juu kidogo tu ya kofia ya Huseni, na jasho lilikuwa limeyeyusha hata majivu ya vidoleni. "Fupisha, Mwalimu!" wanawake walipiga kelele. "Maneno ya Mungu hayafupishwi," akajibu Mwalimu Yahya, akaongeza mlango mwingine. Bi Mwahija aliingia jikoni, akatoka na mwiko wa wali, akasimama nyuma yake. Mwalimu alitazama mwiko, akasema, "Amin," na kumwachia Mzee Fakihi.

"Nassibu bin Likwata!" Mzee Fakihi aliita.

"Labeka!" ikajibu sauti ya mtu aliyebana meno.

"Nimekuoza binti yangu Sada kwa mahari tuliyopatana!"

Huseni hakungoja. Aliruka, akamdaka Nassibu vifundo vya miguu, akaning'inia kwa uzito wake wote. Hapo kani zilikuwa nyingi kwa wakati mmoja: dunia inavuta, Huseni anavuta, na juu kuna kidevu peke yake. Nassibu akafungua mdomo. "Nime..." akasema, na kidevu kilipoachia gome akaja chini mzima mzima, mbio, akamwangukia Huseni kifuani, Huseni akalala chali na viatu vyake hewani. "...kubali!" Nassibu akamaliza. "Nimekubali kumuoa Sada binti Fakihi kwa mahari tuliyopatana!"

Watu wakasogea kuwatazama.

"Amegusa ardhi!" Huseni alikoroma kutoka chini. "Amegusa kabla hajamaliza! Ndoa hakuna!"

Mwalimu Yahya alimtazama Rashidi mwadhini, ambaye alisema yeye alisikia lakini machoni ana ukungu siku nyingi. Wote wakamtazama Ombasha. Ombasha Salumu aliinama, akachungulia upande huu, akazunguka akachungulia upande wa pili, akachukua muda wake.

"Mimi ni shahidi, na nasema nilichokiona," akasema. "Ardhi hajaigusa. Amekaa juu ya mnyapara."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka ng'ambo ya maji. Wanaume wakaanza kurudi mmoja mmoja kutoka mikokoni wakijifanya walikuwa na shughuli. Huseni alikuwa ameteguka mguu, na Bi Mwahija, kwa wema wake, akamkanda kwa matone ya mwisho yaliyokung'utwa chupani, kwa nguvu nyingi kuliko mguu ule ulivyohitaji.

Wali ukapakuliwa. Ombasha Salumu alikula sahani mbili, akanawa, akashukuru. Kisha akaiokota kamba.

Watu walidhani imekwisha, na mimi pia nilidhani hivyo nilipoisikia mara ya kwanza. Haikwisha. Ombasha alisema jina la Nassibu liko kwa akida, na asipofika naye kesho watakuja wengine wasiojua kuamkia wazee, na badala yake watamchukua Mzee Fakihi na magoti yake. Hakulisema kwa ukali. Nassibu, aliyekuwa na maneno kwa kila kitu, alisimama. Alivaa shuka, akafuta mafuta kiunoni kwa kitambaa ili kamba ishike, akanyoosha mikono.

Nilimwuliza Bibi, sasa ile ndoa ilikuwa ya nini? Mnazi wote ule, majivu yote yale, hotuba yote ile, na mwisho amekwenda vile vile. Akaniangalia kama aangaliaye mtu mjinga aliyesomeshwa.

Alisema mwari asiyeolewa hana ruhusa ya kutoka uani. Ndiyo maana alipiga kelele. Ilipokwisha kufungwa ile kamba, yeye alitoka na hina yake mikononi, akachukua kapu, akatia wali uliobaki na mkeka. Mzee Fakihi akamwuliza, "Unakwenda wapi, mwanangu?" Akajibu, "Mingoyo. Mume wangu anahitaji wa kumpikia." Na baba yake akasogea mlangoni apite, kwa sababu alikuwa amemwoza mwenyewe mbele ya mashahidi wawili.

Vita vya Maji Maji vilitufikia muda si mrefu baadaye. Kabla yake watu walikwisha anza kufika kwa Bi Mwahija kutoka mbali, wanataka ile dawa inayolegeza mikono ya askari. Aliwaambia ni mafuta ya nazi, wakadhani anawaficha. Alilia sana kwa ajili ya watu wale, maana baadhi yao hawakuonekana tena. Mkono unaweza kuuponyoka, lakini risasi haihitaji kukushika. Mimi sicheki nikifika hapo, wala siruhusu mwanafunzi acheke. Shamba la Mzungu liliachwa, na babu na bibi wakarudi Rasbura kwa miguu, wamekonda, wakaishi.

Lakini Bibi alipenda kuishia kwenye ile jioni ya kwenda. Ombasha Salumu alimfunga Nassibu kiunoni, akawapeleka askari wake mbele, kisha akageuka akampa Sada ncha ya kamba. "Mshike wewe, mama," akasema. "Mimi nimemjaribu alasiri nzima, nimeshindwa." Akatangulia, asigeuke nyuma tena.

Njia ilikuwa na giza la miti pande zote, na mikononi mwa Sada palikuwa na kamba ambayo angeweza kuiachia wakati wowote. Mbele yake palikuwa na mtu ambaye angeweza kuichomoa kwa mvuto mmoja akapotea vichakani, na wote wawili walijua nani angekuja kufungwa badala yake. Kamba ikivutwa, huwa ina kani ndani yake. Mtu yeyote aliyekaa darasani kwangu anaweza kuipima. Ile haikuwa na kitu cha kupima. Bibi alisema walitembea mpaka Mingoyo, na njia nzima kamba ilining'inia kati yao imelegea, inaburuzika mchangani.